Leza ya konea haichomi jicho

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu upasuaji wa macho kwa leza (tunasema ya gazeti, si makala ya kwenye mbabula, yaani makaa ya jikoni) yametufurahisha kwa jambo moja na kutukera kwa jingine. Yametufurahisha kwa sababu ni nadra gazeti la Kiswahili kuigusa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Yametukera kwa neno lililoanzia kwenye kichwa cha habari likafika mstari wa mwisho: "kuchoma". Leza inachoma konea, mmeandika, inaichoma mpaka ipate umbo linalotakiwa. Msomaji akiondoka na neno hilo ataogopa kitu kisichokuwepo, na vitu vya kuogopwa kweli atavipita bila kuviona. Ndiyo maana tunaandika kwa urefu.

Neno limetoka wapi, tunajua. Mtu aliyelazwa chini ya mashine husikia mlio wa haraka haraka, tak-tak-tak, kisha pua inapata harufu ya nywele zilizoshika moto. Hapo nani atamwambia kwamba hakuna moto? Lakini harufu ile ni ya protini iliyovunjwavunjwa na kurushwa hewani, na protini ikisambaratika hunuka namna hiyo, iwe imesambaratishwa na moto au na kitu kingine. Hapa ni kitu kingine.

Halafu kuna leza inayochoma kweli, na ndiyo inayowachanganya watu. Leza si chombo kimoja, kama vile kisu cha mchinjaji na wembe wa kinyozi si kitu kimoja. Kazi ya leza inaamuliwa na rangi ya mwanga wake, yaani urefu wa wimbi, na kile kilichomo ndani ya jicho kinachoumeza mwanga huo. Mwanga wa kijani wa nanomita 532 unapita kwenye konea na kwenye lenzi bila kuacha alama, maana huko hakuna cha kuumeza. Unafika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, unamezwa na melanini, yaani weusi wa mwili, na wekundu wa damu, unageuka joto, na joto linapika. Hiyo ni leza ya wagonjwa wa kisukari, na inachoma kwa makusudi. Leza ya YAG ya nanomita 1064, wanayopigwa watu waliokwisha kutolewa mtoto wa jicho pale utando wa nyuma ya lenzi bandia unapopata ukungu, haichomi. Inapasua kwa cheche ndogo mno. Leza inayochonga konea ni ya tatu, na haifanani na hizo mbili.

Inaitwa leza ya eksima. Ndani yake mna argoni na florini kidogo sana, chini ya asilimia 1, na sehemu kubwa iliyobaki ni neoni au heliamu. Argoni ni gesi isiyopenda kushikana na kitu chochote. Umeme wa nguvu ukiipiga, inashikana na florini kwa nanosekunde chache tu, kisha zinaachana, na katika kule kuachana zinatoa mwanga wa nanomita 193. Huo ni urujuanimno wa mbali, ambao jicho la mtu haliwezi kuuona. Ile buluu hafifu inayong'aa juu ya jicho wakati wa kazi si mwanga wa leza, ni konea yenyewe inayometameta baada ya kupigwa.

Sasa kemia. Konea ina unene wa mikroni 540 hivi katikati, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mikroni 50 za juu ni ngozi laini inayoota upya ikikwanguliwa. Karibu zote zilizobaki ni stroma, tabaka 200 na zaidi za nyuzi za kolajeni, protini ngumu ya mwili, zilizolazwa moja juu ya nyingine, na kati yake maji mengi. Mnyororo wa kolajeni umeungwa kwa vifungo vya peptidi, vile vinavyounga protini zote, na vifungo hivyo ndivyo vinavyoumeza mwanga wa nanomita 193. Fotoni moja ya mwanga huo, yaani punje yake moja, ina nishati ya elektroni-volti 6.4, kipimo cha nishati ndogo kama hizo. Kifungo cha kaboni na nitrojeni, au cha kaboni na kaboni, kinavunjika kwa 3 hadi 4. Kwa hiyo fotoni moja inatosha kuvunja kifungo na inabaki na chenji. Mwanga wa kijani hauna uwezo huo hata ukiuongeza mara kumi, kwa sababu kila fotoni yake ina 2.3 tu, ukiuongeza unapata joto zaidi, hupati ukataji huu.

Mwanga unamezwa haraka kiasi kwamba hauzami hata mikroni moja. Nishati yote inaishia kwenye utando mwembamba wa juu, ndani ya nanosekunde 10 hadi 20. Mnyororo uliokatika vipande vingi kwa mara moja unahitaji nafasi kubwa kuliko ile uliyokuwa nayo, na nafasi iko upande mmoja tu: juu. Vipande vinaruka kwa kasi iliyozidi ile ya sauti, navyo vinaondoka na sehemu kubwa ya joto lililotokea. Kila pigo linaondoa kama robo ya mikroni. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Ungehitaji mapigo 280 kuukata kwa njia hiyo.

Hatutaki kudanganya kwamba joto halipo kabisa. Wataalamu wa fotokemia wamebishana miaka mingi ni sehemu gani ya kazi inafanywa na fotoni kuvunja vifungo moja kwa moja, na ni sehemu gani inafanywa na joto la ghafla ndani ya ule utando mwembamba. Kilicho wazi ni alama inayobaki. Ukingo wa mkato wa nanomita 193 una eneo lililodhurika lisilofika mikroni moja. Leza ya CO2, ya nanomita 10,600, inakata kwa joto na kuacha makumi ya mikroni ya nyama iliyoiva. Kolajeni inajikunja ikifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Kila mpishi ameona nyama inavyonywea kwenye sufuria. Konea ikinywea hivyo inapoteza uwazi. Mashine za kisasa hurusha nukta ndogo, ya milimita 0.5 hadi 1, na hazipigi mahali pale pale mara mbili mfululizo: pigo huku, pigo kule, ili kila sehemu ipate muda wa kupoa.

Kuna pia sharti la kiwango. Chini ya milijuli 50 hivi kwa sentimita mraba, hakuna kinachoruka. Mwanga unamezwa, vifungo vichache vinakatika, basi. Mashine hufanya kazi kwenye milijuli 160 hadi 250. Sharti hili ndilo linalotenganisha leza na mwanga wa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa kuwa Lubumbashi ni mji wa vyuma, tukae hapo kidogo.

Fundi wa mtaa wa Katuba anayechomelea mlango bila kinyago naye anapigwa na urujuanimno, na konea inaumizwa zaidi na ule wa karibu na nanomita 270. Lakini mwanga huo unakuja polepole, dakika baada ya dakika. Haurushi kitu. Unaharibu molekuli ndani ya chembe za ngozi ya konea, nazo hazifi papo hapo. Kwa hiyo fundi anamaliza kazi salama, anakula bukari yake, yaani ugali, na saa 6 hadi 12 baadaye anaamka na macho yaliyojaa mchanga ambao haupo. Chembe zimekufa na kubanduka, na neva za konea zimebaki wazi. Hupona zenyewe ndani ya siku 1 hadi 3, kwa marhamu ya antibiotiki na kidonge cha maumivu. Asitie maziwa, wala maji ya sukari, wala mizizi. Na kile kichupa cha ganzi kinachotumika kliniki kisiende naye nyumbani kabisa: kinaondoa maumivu kwa dakika 15 huku kikizuia ngozi kuota, na wenye kukitumia kwa siku kadhaa wamewahi kutoboka konea. Kinyago chenye kioo namba 10 au zaidi kingemaliza habari hii. Miwani nyeusi ya sokoni si kinyago.

Kazi ya eksima kwenye mwili wa kiumbe ilianzia kwenye kiporo. Novemba 27, 1981, siku ya pili ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Rangaswamy Srinivasan alichukua mabaki ya bata mzinga wa nyumbani kwake, akayapeleka kwenye maabara ya IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, na kuyapiga kwa leza ya nanomita 193. Yeye na wenzake Samuel Blum na James Wynne waliona mkato safi, usio na weusi wa moto pembeni. Wakachonga hata unywele wa mtu, na picha ya unywele ule wenye pengo kama la msumeno imezunguka dunia. Mwaka 1983 daktari Stephen Trokel akishirikiana na Srinivasan na Bodil Braren wakaonyesha kwamba njia hiyo inafaa konea. Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza mwaka 1995.

Wanaouliza kuhusu kansa wanauliza swali zuri. Urujuanimno wa nanomita 248, unaotoka kwenye leza ya kriptoni na florini, unafika kwenye DNA na kuiharibu. Ulijaribiwa ukaachwa, pia kwa sababu mkato wake si safi. Ule wa 193 unamezwa na protini za chembe kabla ya kufika kwenye kiini. Ubaya wake mkubwa, kuzama kidogo, ndio uzuri wake.

Kutokana na kemia hii yanafuata mambo ya chumba cha upasuaji ambayo mgonjwa huyaona kama masharti ya mganga wa jadi. Mtu anaambiwa asijipake manukato siku hiyo, wala mafuta yenye harufu, wala spirei ya nywele, na anacheka. Asicheke. Mvuke wa manukato na wa alkoholi unaumeza mwanga wa nanomita 193 kabla haujafika kwenye jicho, na unaganda juu ya vioo vya mashine. Pigo linafika likiwa dhaifu, linaondoa kidogo kuliko ilivyohesabiwa, na mgonjwa anabaki na diopta, yaani namba za miwani, ambazo alilipa ziondoke. Chumba kilichopakwa rangi juzi kina tatizo lile lile. Hata oksijeni ya hewa inaumeza mwanga huo kiasi na kugeuka ozoni, ndiyo sababu njia ya mwanga ndani ya mashine nyingi imejazwa nitrojeni.

Maji ndiyo yanayosumbua zaidi. Pigo linakata kolajeni, na maji hayamezi mwanga huo kama kolajeni inavyoumeza. Konea iliyolowa sana inapunguza kazi ya kila pigo: marekebisho yanapungua. Konea iliyokauka ina kolajeni nyingi zaidi katika kila mikroni, hivyo pigo lile lile linaondoa kolajeni nyingi kuliko hesabu: marekebisho yanapita kiasi, na aliyekuwa haoni mbali anageuka asiyeona karibu. Tone moja la maji lililosahaulika katikati linaacha kilima kidogo ambacho mgonjwa atakiona kama kivuli cha kila herufi. Daktari anapaswa kukausha kwa sponji mara moja, kwa namna ile ile kila jicho, kisha kuanza bila kuzungumza na simu. Chumba kiwe kati ya nyuzi 18 na 24, unyevu wa hewa asilimia 40 hadi 50. Huku kwetu mwezi wa Agosti hewa ni kavu hadi midomo inapasuka, na Januari nguo hazikauki kwenye kamba. Chumba kisicho na kipimo cha unyevu ukutani kitatoa matokeo ya Agosti na matokeo ya Januari.

Umeme nao. Kukatika kwa umeme katikati ya kazi hakupotezi hesabu, mashine inakumbuka ilifika pigo la ngapi. Tatizo ni stroma iliyoachwa wazi ikingoja. Kila sekunde 30 inazidi kukauka, na umeme ukirudi unaikuta si ile iliyohesabiwa. UPS, yaani betri ya akiba, iliyo kubwa na yenye kumaliza jicho zima si anasa, na jenereta pekee haitoshi, kwa sababu inachukua muda kuwaka na volti zake za mwanzo zinayumba.

Florini inachoka pia. Inakula kuta za ndani za mashine na kupungua, nguvu ya pigo inashuka. Kwa hiyo kabla ya kikao, na tena kati ya wagonjwa, fundi anapiga kibao cha plastiki cha PMMA, anapima kina cha shimo, anarekebisha. Hiyo ni dakika chache. Kliniki isiyoweza kukuonyesha kibao cha asubuhi hiyo haikustahili jicho lako. Na florini yenyewe ni sumu. Chupa yake ikae kwenye kabati lenye mfereji wa kutolea hewa nje na king'ora cha gesi.

Tufike kwenye hesabu ambayo makala yenu hayakuigusa, nayo ndiyo inayoamua nani afanyiwe na nani aachwe. Kina kinachoondolewa kwa asiyeona mbali, kwa mikroni, ni takriban diopta mara kipenyo cha eneo kwa milimita, kipenyo hicho kikizidishwa kwa chenyewe, kisha gawanya kwa 3. Mtu wa diopta 4 kwenye eneo la milimita 6: 4 mara 36, gawanya kwa 3, ni mikroni 48. Mashine halisi inaondoa zaidi kidogo ili kulainisha ukingo.

Sasa mchukue mtu wa diopta 8 mwenye konea ya mikroni 500, eneo la milimita 6.5. Hesabu inatoa mikroni 113. Kwa njia ya LASIK daktari anafunua kwanza kifuniko cha mikroni 110, mara nyingi kwa leza nyingine ya femtosekunde, yenye mapigo mafupi mno, inayotumia mwanga wa karibu na nanomita 1,040 na kupasua kwa mapovu madogo, kisha eksima inachonga chini yake. Mikroni 500 kutoa 110 kutoa 113 zinabaki 277. Sheria ya zamani inasema zisipungue 250, basi huyu amepita? Hapana. Kifuniko kikirudishwa hakibebi tena mzigo wa presha ya jicho. Jumla ya kilichoguswa ni 223 kati ya 500, karibu asilimia 45, na ukizidi asilimia 40 hatari ya konea kutuna mbele inapanda sana. Ukipunguza eneo liwe milimita 6, kina kinakuwa 96 na asilimia inashuka kidogo, 41, lakini usiku mboni inafunguka kuliko eneo lililochongwa, na kila taa ya gari inapata duara la mwanga kuizunguka. Mtu wa namna hii tungemshauri abaki na miwani yake.

Njia ya PRK haina kifuniko: ngozi ya konea inaondolewa, kwa mfano kwa alkoholi ya asilimia 20 iliyowekwa sekunde 20 hadi 30, na leza inachonga kuanzia juu. Inabakiza konea nene zaidi. Bei yake ni maumivu ya siku 3 hadi 5 chini ya lenzi laini ya kufunika, na hatari ya ukungu. Ukungu ni chembe za stroma zilizozinduka na kujenga kolajeni isiyopangika. Diopta zikiwa nyingi, ukungu nao unaongezeka. Kuuzuia, sponji yenye mitomisini ya asilimia 0.02 inawekwa juu ya stroma kuanzia sekunde 12 hadi dakika 2 kulingana na kina, kisha inaoshwa kwa maji mengi baridi ya chumvi. Dawa hiyo inazuia chembe kuongezeka, na kuiacha muda mrefu kunaua zile zisizostahili kufa.

Jua linauchochea ukungu huo. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na kwa kila mita 1,000 urujuanimno unaongezeka kama asilimia 10. Aliyefanyiwa PRK Afrika Kusini au India akarudi huku Septemba, akapanda pikipiki bila miwani, anaurudisha mwanga mbaya kwenye jeraha. Avae miwani ya jua yenye alama ya UV 400 angalau miezi 6. Giza la kioo si kipimo: kioo cheusi kisichozuia urujuanimno kinaifungua mboni na kuuingiza mwingi zaidi.

Lililo la hatari kuliko yote halionekani kwa macho. Kuna konea ambazo zimeanza kuchongoka kama koni, ugonjwa wa keratokonasi, na mwenye nayo anadhani ana astigmatizimu tu, yaani konea isiyo na mviringo sawa. Ukimpunguzia unene umemmaliza. Watoto wenye mzio wa macho wanaosugua kila siku, na vumbi jekundu la kiangazi haliwasaidii, ndio tunaowahofia. Picha ya topografia, yaani ramani ya umbo, ya mbele na nyuma ya konea, pamoja na kipimo cha unene, ni lazima kabla ya leza, na lenzi laini za kuvaa ziwe zimeachwa wiki 1 hadi 2, ngumu wiki 3 au 4, la sivyo picha inapima alama ya lenzi.

Kwa konea hizo mwanga una kazi nyingine kabisa: kufunga badala ya kukata. Njia ya Dresden, iliyochapishwa mwaka 2003 na Wollensak, Spoerl na Seiler, inatumia riboflavini, yaani vitamini B2, ya asilimia 0.1. Ngozi ya konea inaondolewa kwa upana wa milimita 8 hadi 9. Matone yanawekwa kila baada ya dakika 2 hadi 5 kwa nusu saa, mpaka kwenye taa ya buluu ya darubini maji ya ndani ya jicho yaonekane ya manjano-kijani. Rangi hiyo isipoonekana, riboflavini haijazama, na taa isiwashwe. Kisha urujuanimno wa nanomita 365 hadi 370, miliwati 3 kwa sentimita mraba, dakika 30: jumla juli 5.4 kwa sentimita mraba. Riboflavini inaupokea mwanga na kuikabidhi nishati oksijeni, oksijeni iliyosisimka inaunganisha nyuzi za kolajeni, na konea inakakamaa. Haipigwi kitu, hairuki kitu.

Hapa makosa ni mengi kwa sababu kazi inaonekana rahisi. Unene upimwe baada ya kuloweka, si kabla tu, kwani dawa yenye dekstrani, aina ya sukari nzito, inavuta maji na konea ya mikroni 430 inaweza kushuka chini ya 400. Chini ya hapo mwanga unafika kwenye chembe za nyuma, zilizo tabaka moja tu na zisizoota tena. Suluhu ni dawa isiyo na dekstrani, yenye chumvi kidogo, inayoivimbisha konea kwanza. Kosa jingine ni haraka. Miliwati 9 kwa dakika 10 ni juli 5.4 vilevile, na 18 kwa dakika 5 pia. Kwenye karatasi ni sawa, lakini oksijeni ndani ya stroma inakwisha ndani ya sekunde chache na kurudi polepole. Ukiharakisha sana, mwanga unaendelea kumiminika bila oksijeni ya kufanyia kazi, na mgonjwa anapata ugumu pungufu kwa jina lile lile la matibabu. Na asitokee mtu wa kumeza vidonge vya B2 na kukodolea jua. Tunaonya mapema.

Mengine kwa ufupi. Leza haizuii miwani ya kusomea baada ya miaka 40 na kitu, haitibu glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho, na macho makavu kwa miezi kadhaa baada ya LASIK ni jambo la kawaida kwa sababu neva za konea zimekatwa. Matone ya steroidi baada ya PRK yanaweza kupandisha presha ya jicho, na hapa kuna mtego: konea iliyopunguzwa inakidanganya kipimo, kinasoma chini kuliko ukweli. Miaka 20 baadaye, mtu huyo akipata mtoto wa jicho, hesabu ya lenzi bandia nayo itapotoka ikiwa daktari hajui konea ilikuwaje kabla ya kuchongwa.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, mkirekebisha neno "kuchoma", tunaomba mwachapishie wasomaji na hili. Kila aliyefanyiwa leza ya konea, popote alipofanyiwa, adai karatasi yenye diopta za kabla, mkunjo wa konea wa kabla, unene wa kabla na uliobaki, presha ya jicho ya kabla, aina ya upasuaji na tarehe. Atoe nakala mbili, moja ikae na kadi yake ya mpigakura.

Madaktari na mafundi wa macho,
Lubumbashi